Mitaa Minne ya Nyuma ya Shule

Siku Kicheko alipoingia kibandani kwa Pindo kupimwa gauni la kuombea kura, Pindo alimpima kiuno mara tatu. Si kwamba alikuwa akikosea. Alitaka kuona kama wifi yake amenenepa.

"Sabini na nane," alisema mwishowe, akaandika kwenye karatasi. "Hujabadilika."

Moyoni alitamani ingekuwa tisini.

Pindo alikuwa fundi cherehani wa kona ile ambapo lami inakwisha na vumbi linaanza. Jina lake la kuzaliwa lilibaki kwenye kadi ya chama na kwenye cheti cha ndoa. Mtaani alikuwa Pindo tu, kwa jinsi alivyokunja pindo za magauni zikalala kama zimepigwa rula. Mumewe alikuwa dereva wa lori, mtu wa kuonekana nyumbani mara mbili kwa mwezi, na walikuwa na binti mmoja wa sekondari.

Kicheko alifika kwake akiwa na miaka kumi na tisa, amekuja kujifunza kushona. Hakujifunza. Alivunja sindano, alishona mikono ya mashati nje ndani, na kila alipoharibu alicheka, wateja nao wakacheka, wakasahau walikuja kugomba. Mdogo wake Pindo, mchomeleaji wa mageti na madirisha, akaanza kupitapita kibandani kwa visingizio: leo zipu, kesho kifungo. Mwaka haukuisha wakaoana. Kicheko akaachana na cherehani, akapata kazi ya upishi katika shule ya msingi, na huko ndiko alikopatia watu. Mtoto akila kwa mkono wako miaka saba, mama yake hukusalimia hata ukiwa upande wa pili wa barabara.

Kwa hiyo Pindo ndiye aliyemwingiza nyumbani kwao. Jambo hilo alilitafuna kila siku. Mama yao mzee alihamia kwa mchomeleaji, na tangu hapo Pindo akienda kumsalimia alipokewa kwa habari moja. Mkwe wangu amenikata kucha. Mkwe wangu amepigania vyoo vya wasichana shuleni mpaka vimejengwa. Mkwe wangu hata nikimwita mara kumi haoneshi kuchoka. Pindo, aliyemletea mama yake gauni jipya kila mwaka, alikaa akisikiliza huku tabasamu limemganda usoni.

Lakini kulikuwa na kitu kimoja ambacho kilikuwa chake peke yake. Kwa miaka kumi na mmoja alikuwa ametunza daftari la wanachama wa chama katika kata yao. Wanachama elfu moja mia tatu na kumi na wawili, kila mmoja na mtaa wake na namba yake ya simu. Aliyekufa alimpigia mstari mwekundu, aliyehama mstari wa bluu. Katika kata hiyo chama chao ndicho kilichoshinda siku zote, kiasi kwamba aliyepata bendera yake kwenye kura za mchujo alikuwa amekwishakuwa diwani. Uchaguzi mkuu ulikuwa wa kumpigia muhuri tu. Na mwaka ule Pindo aliamua, bila kumwambia mtu, kwamba zamu yake imefika. Alipiga picha ndogo nne za pasipoti. Siku ya mwisho ya kuchukua fomu alivaa vizuri, akaenda ofisi ya chama na picha zake ndani ya mkoba.

Alimkuta Kicheko kwenye benchi. Katibu wa chama, mtu ambaye Pindo hakuwahi kuona meno yake kwa miaka yote kumi na mmoja, alikuwa ameshika tumbo kwa kucheka.

"Wifi!" Kicheko alisimama akamkumbatia. "Umejuaje kama niko hapa? Umekuja kunishika mkono!"

Pindo alihisi picha zile kama kaa la moto ndani ya mkoba.

"Ndiyo," alisema. "Nimekuja kukushika mkono."

Akaweka sahihi kwenye fomu ya wifi yake, mahali pa mdhamini wa kwanza.

Basi ndiyo maana siku ya kupima gauni alikuwa na pini tatu mdomoni na maneno thelathini nyuma yake. Kicheko alisimama mbele ya kioo, mikono ameiinua.

"Kusema kweli, wifi," alisema, "kazi hii ulistahili wewe. Chama kizima kimo kwenye daftari lako. Ila tu wewe na watu..." Akacheka.

"Mimi na watu tumefanya nini?"

"Wewe huwapendi watu. Unapenda majina yao yakae sawasawa."

Alisema kwa utani, kama alivyosema kila kitu. Pindo alitoa pini moja mdomoni akaichomeka begani, karibu kabisa na ngozi. Gauni lile alilishona vizuri kuliko yote aliyowahi kushona. Hata wivu wake haukuweza kumfanya ashone vibaya.

Mchujo ulipangwa uwe Jumapili, katika uwanja wa shule. Wagombea walikuwa watatu: Kicheko, mwenye ghala la mbao aliyeitwa Bwana Mbao, na mwalimu mmoja mstaafu aliyegombea kila mara kwa sababu, kama alivyosema mwenyewe, nyumbani alikuwa amechoka kukaa. Kisha Jumatatu ya wiki ileile, saa sita mchana, katibu akampigia Pindo simu. Uwanja wa shule usingepatikana, na wakubwa walitaka majina mapema. Mchujo ungefanyika Jumatano, saa tatu asubuhi, katika ukumbi mdogo nyuma ya ofisi.

"Jumatano ni siku ya kazi," alisema Pindo.

"Najua. Viongozi wa mitaa wako kumi na wawili. Wapigie wote leo, nao wawaambie watu wao. Wagombea nitawaambia mwenyewe."

Pindo alisogeza kitambaa, akaweka daftari juu ya meza ya cherehani, akaanza kupiga. Wa kwanza alishukuru. Wa pili alilalamika. Wa tatu alisema hana habari kama mwaka huu kuna mchujo. Alipiga simu nane. Zilibaki nne: viongozi wa ile mitaa minne ya nyuma ya shule, ambako nyumba zimebanana na mvua ikinyesha watu hupita juu ya mawe. Huko ndiko alikoishi Kicheko. Huko, kwa daftari la Pindo, kulikuwa na wanachama mia nne na sita.

Namba ya kwanza ilikuwa tayari kwenye kioo cha simu wakati binti yake alipoingia kutoka shule, akatupa begi juu ya kiti.

"Mama, anti ameniomba nimwandikie hotuba. Nimemwandikia yote mwenyewe. Amelia!"

Nyumbani msichana huyu alijibu kila swali kwa "ndiyo" au "sijui". Pindo hakuwahi kuona hata insha yake moja.

"Na mimi utanisomea?" aliuliza.

"Utaisikia hukohuko," alisema binti, akaingia ndani kutafuta chakula.

Pindo aliangalia ile namba kwenye kioo cha simu mpaka mwanga ukazimika wenyewe. Chaji ilikuwepo. Salio lilikuwepo. Hakuna kilichomzuia. Aliiweka simu chini ya kitambaa, akakanyaga cherehani, akajiambia atapiga jioni. Jioni akajiambia kesho.

Jumanne Kicheko alipita mbiombio akielekea kazini, aproni mkononi.

"Wifi, watu wangu wa nyuma ya shule wameshaambiwa?"

"Wameshaambiwa," alisema Pindo bila kuinua kichwa.

"Basi mimi nimetulia. Wewe ukishika jambo, mtu analala usingizi."

Akaenda kuwapikia watoto wa watu.

Jumatano saa tatu ukumbi ulikuwa na viti themanini, na viti themanini vilikuwa vingi. Bwana Mbao aliingia na wafanyakazi wake, wengine bado na vumbi la msumeno kwenye nywele, na ndugu zake, na majirani wa barabara kubwa. Mwalimu mstaafu alikuja na mwavuli. Kicheko alikuja na gauni lake jipya, akifuatana na mumewe, mama mkwe aliyetembea kwa kushikwa mkono, wapishi wenzake wawili na wanawake wachache. Alikaa mahali ambapo angeuona mlango.

Pindo alikaa mezani na daftari lake, akiweka alama mbele ya kila jina. Ilipofika saa tatu na nusu Kicheko aligeuka kumtazama, akainua nyusi: vipi? Pindo aliinua mabega. Saa nne kasoro katibu akafunga mlango.

Kicheko alisoma hotuba. Ilikuwa nzuri kweli. Ilikuwa na habari ya mwanamke aliyejifungua njiani, kabla ya kufika zahanati, kwa sababu gari halikuweza kupita, na ilikuwa na swali moja la kitoto ambalo mtu mzima asingethubutu kuliandika: "Mnaona aibu kutuangalia?" Pindo alisikia sauti ya binti yake ndani ya kinywa cha mtu mwingine. Mama yake mzee alikuwa akifuta machozi, mkono wake ukiwa juu ya paja la mkwe.

Kura ziliwekwa kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko uliokatwa tundu. Zamu yake ilipofika Pindo aliingia nyuma ya pazia, akakaa na kalamu kwa muda. Kisha akaandika jina la Kicheko. Haikumgharimu chochote, na siku ikibidi kuapa kwamba alimpigia wifi yake, angeapa bila kutetemeka.

Bwana Mbao alipata kura ishirini na sita. Kicheko kumi na saba. Mwalimu mstaafu alipata moja, akasimama akaishukuru, na watu wakampigia makofi. Jumla watu arobaini na wanne, kati ya elfu moja mia tatu na kumi na wawili.

Pindo alikuwa amesubiri furaha. Alifikiri itakuja kama kikombe cha maji baridi. Badala yake aliona wapishi wakimkumbatia Kicheko, mchomeleaji akimfuta uso kwa leso, binti, aliyetoroka shule kuja kusikiliza hotuba yake dirishani, akilia waziwazi, na hata wafanyakazi wa Bwana Mbao wakija kumpa mkono kwa heshima. Kicheko alikuwa na macho mekundu na bado alimtania mmoja wao kuhusu vumbi la nywele. Hata kushindwa alijua kushindwa. Pindo, mezani na daftari lake, hakuna aliyemwambia hata pole na kazi.

Wiki zilizofuata alianza kuwauliza wateja. Alifanya kwa ujanja, huku akipima bega au akitafuta uzi. "Ule mchujo, mlijua?" Alitaka mtu amwambie kwamba kosa lake halikuwa kosa.

Mwanamke mmoja wa mtaa wa pili nyuma ya shule alisema, "Nilijua. Shemeji yangu anakaa barabara kubwa, aliniambia. Lakini Jumatano mimi nafua."

Pindo alishusha pumzi.

Muuza mkaa alisema mambo ya mchujo ni ya wenyewe, watu wa ofisini, yeye kura yake anaitunza kwa ule uchaguzi wenyewe. Katibu naye alisema hata wangeitwa kwa tarumbeta wasingekuja, yeye anawajua. Pindo akaanza kupata usingizi.

Kisha akaja mzee mmoja aliyewahi kuwa tarishi wa posta, ameleta suruali ya kupunguza kiuno.

"Sikujua," alisema. "Sisi tulikaa tunasubiri Jumapili. Tulikuwa tumekwishapanga, mimi na wenzangu wa bao, wazee kumi na mmoja, tuongozane pamoja kwa sababu wengine miguu haina nguvu. Jumapili tukaenda shuleni tukakuta mbuzi." Alicheka kidogo, kisha akaacha. "Huyu mpishi alimlisha mjukuu wangu alipofiwa na mama yake. Ningekwenda hata kwa kubebwa."

Kumi na mmoja. Tofauti ilikuwa kura tisa.

Pindo alipunguza ile suruali mara mbili siku hiyo, kwa sababu mara ya kwanza alipunguza kupita kiasi. Jambo hilo halikuwahi kumtokea.

Uchaguzi mkuu ulipofika watu waliamka mapema. Foleni ilizunguka ukuta wa shule ikajikunja ikarudi. Kila mtu alikuwepo: muuza mkaa, yule mwanamke wa kufua, mzee tarishi juu ya kiti cha plastiki alichobebewa na jirani. Watu walichekeana, wakaoneshana vidole vyenye wino. Kicheko alikuwa mbele ya Pindo kwenye foleni, na alikuwa akiangalia huku na huku kama mtu aliyepotelewa na kitu.

"Wifi, hebu ona," alisema. "Maelfu. Wote hawa wamekuja kumpitisha mtu aliyekwisha kuchaguliwa na watu ishirini na sita. Siku ile walikuwa wapi? Nikiwauliza husema hawakuambiwa, nami naona ni visingizio."

Pindo angeweza kuguna tu. Lakini mzee tarishi alikuwa palepale, hatua kumi, akimpungia mkono.

"Mitaa minne sikuiambia," alisema.

"Mitaa ipi?"

"Ya nyuma ya shule."

Foleni ilisonga, nao wakasonga. Kicheko hakugeuka.

"Uliniambia wameambiwa."

"Nilikudanganya."

"Kwa nini?"

Pindo alitafuta sababu kubwa, sababu ya mtu mzima, hakuipata. "Mwanangu alikuandikia hotuba," alisema.

"Kwa sababu ya hotuba?"

"Na mama. Na katibu alivyokuwa akicheka siku ile. Na mimi nilikuja na picha zangu kuchukua fomu, nikakukuta."

Sasa Kicheko aligeuka. Uso wake ulikuwa mtupu kabisa, na Pindo alitambua kwamba kwa miaka yote ile hakuwahi kuuona bila kicheko ndani yake.

"Ungesema," alisema Kicheko taratibu. "Palepale kwenye benchi. Ningekuachia ile fomu, wifi. Ningekupigia na kampeni."

Lililomchoma Pindo ni kwamba ilikuwa kweli. Angemwachia, na angelala vizuri. Na hilo nalo akamwonea wivu, hapohapo kwenye foleni, akilia.

Bwana Mbao akawa diwani. Hakuwa mtu mbaya, wala hakuiba chochote ambacho watu walikijua. Aliwakumbuka watu wake ishirini na sita. Barabara kubwa ilipata taa na mifereji, na mbele ya ghala pakawekwa kokoto. Nyuma ya shule watu waliendelea kupita juu ya mawe. Waliokuwa na hasira naye walipokwenda kulalamika aliwauliza kwa upole, "Mimi mlinipigia kura?" Wakajibu ndiyo, maana walimpigia kwa maelfu, na hawakuwa na la kuongeza.

Kicheko hakumwambia mtu. Si mumewe, si mama mkwe. Pindo alisubiri mama yake amgeuzie uso, mwezi, miezi miwili, lakini mzee aliendelea kumpokea kwa habari zilezile za kucha. Ila Kicheko aliacha kupita kibandani, na walipokutana kwenye shughuli za ukoo alimwita "dada" badala ya "wifi", kwa adabu, kama unavyomwita muuguzi usiyemjua. Ilichukua karibu miaka miwili neno "wifi" kurudi, na liliporudi lilirudi kwa bahati mbaya, siku mama yao alipoanguka bafuni na wote wawili wakambeba, huku Kicheko akipiga kelele, "Wifi, shika kichwa! Wifi, kichwa!"

Mchujo mwingine ulipokaribia Kicheko alichukua fomu tena. Pindo alikuwa amekwisha kukabidhi daftari kwa mtu mwingine. Hakuna aliyemwomba chochote. Alifunga kibanda siku tatu, jambo ambalo hata kwa msiba alikuwa akifanya siku moja, akavaa viatu vya kutembelea, akaenda nyuma ya shule kubisha mlango mmoja baada ya mwingine.

"Mchujo ndiyo nini?" aliulizwa mlango wa kwanza.

"Ndiyo uchaguzi wenyewe," alisema Pindo. "Ule mnaopangia foleni ni wa kutia muhuri."

Alibwekewa na mbwa. Aliambiwa arudi baadaye, akarudi. Nyumba moja walidhani anauza sabuni. Mwanamke wa kufua alisema siku hiyo atafua, na Pindo akamwambia basi nitakuja kukusaidia kuanika tukimaliza wote kupiga kura, na mwanamke akamwangalia kama mwendawazimu, kisha akakubali. Mzee tarishi alikuwa amefariki, lakini wenzake wa bao walikuwa wamebaki saba.

Walikuja watu mia mbili na thelathini na tatu. Bado si wengi, ukiangalia daftari, ila viti havikutosha na milango ikabidi iachwe wazi. Kicheko alipata mia moja sabini na moja. Watu walimwinua juu, na aliposhushwa alisimama juu ya benchi akaanza kuongea, na ukumbi mzima ukacheka kabla hajamaliza sentensi ya kwanza.

Pindo alikuwa amesimama katikati ya watu, miguu ikimwaka moto, malengelenge kwenye visigino vyote viwili. Binti yake, mtu mzima sasa, alikuwa mbele kabisa, akimshikilia Kicheko asianguke. Roho ilimwuma. Ilimwuma palepale pa siku zote, wala haikupungua hata kidogo, na safari hii hakushangaa.

Mwanamke mmoja nyuma yake alimgusa bega.

"Samahani, dada, inama kidogo. Hatumwoni."

Pindo akainama.